Kobe na Mizani: Historia ya Kifo Kilichodhaniwa Hakina Sababu

Miongoni mwa wanyama watambaazi waliowahi kufugwa majumbani nchini Uingereza, hakuna aliyezoeleka kwa muda mrefu kuliko kobe wa nchi za Bahari ya Kati, na hakuna ambaye kifo chake kiliwaduwaza wafugaji kama chake, kwa kuwa mnyama aliyesifiwa kuwa huishi kupita umri wa mwanadamu ndiye aliyekutwa amekufa bustanini mwezi wa Aprili, siku chache baada ya kuamka, akiwa hana jeraha wala dalili ya ugonjwa. Ili kifo hicho kieleweke, inafaa kwanza kueleza kwamba kobe huyo, anayejulikana kitaalamu kwa jina la Testudo graeca, hupitisha miezi ya baridi katika usingizi mzito, yaani hali ambamo mwili hupoa, moyo hupiga kwa nadra, na chakula hakiliwi kabisa mpaka jua lirudi.

Kobe wa kwanza ambaye habari zake zimehifadhiwa vizuri ni yule wa William Laud, aliyekuwa Askofu wa London kuanzia 1628 na Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia 1633. Laud alikatwa kichwa mwaka 1645, lakini kobe wake aliendelea kuishi katika kasri la Lambeth hadi 1753, na hata hapo, kwa mujibu wa masimulizi yaliyopokelewa, hakufa kwa uzee bali kwa uzembe wa mtunza bustani aliyemfukua wakati wa usingizi na kumwacha kwenye baridi kali. Gamba lake lilihifadhiwa, nayo ilikuwa desturi ya wenye mali na elimu, ambao walimkumbuka mtambaazi kwa kubakiza kile kisichooza.

Habari za kobe mwingine, aliyeitwa Timothy, zina mafunzo zaidi. Mnyama huyo alinunuliwa kwa baharia mjini Chichester, kwa shilingi mbili na nusu za wakati ule, akalelewa na Bi Rebecca Snooke katika kijiji cha Ringmer. Bibi huyo alipofariki mwaka 1780, mpwa wake, kasisi Gilbert White, alimfukua kobe ardhini na kumsafirisha kwa gari la farasi hadi Selborne. White, ambaye kitabu chake juu ya maumbile ya Selborne kina tarehe ya 1789, alimchunguza Timothy kwa udadisi uliofika mahali pa kuchekesha, hata akampigia kelele kwa pembe ya kukuzia sauti ili ajue kama anasikia. Lakini jambo lake la maana zaidi halikuwa la kuchekesha: alimpima uzito mara kwa mara, akaandika pauni sita na ushei, yaani karibu kilo tatu, na kulinganisha uzito wa msimu mmoja na wa mwingine. White alifariki Juni 1793, naye Timothy akafa majira ya kuchipua ya 1794. Gamba lake limo katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe mjini London, na wataalamu waliolichunguza baadaye waligundua kwamba Timothy alikuwa jike.

Laiti kila mfugaji angefuata mfano wa mizani ya White, karne ya 20 isingeshuhudia maafa iliyoyashuhudia. Kobe walivunwa Morocco na baadaye Uturuki na Yugoslavia, wakasafirishwa wakiwa wamerundikwa makreti kwa makreti bila maji, wakafika Uingereza kwa makumi ya maelfu kwa mwaka katika miaka ya kilele, na kuuzwa madukani na kwenye mikokoteni kwa bei ambayo mtoto angeweza kuimudu. Wengi walikufa ndani ya mwaka wa kwanza. Familia ziliwalaza katika masanduku ya majani makavu mwezi wa Novemba, na zilipoyafungua hazikuweza hata kutofautisha kobe aliyelala na aliyekufa, hivyo kilio cha watoto kilicheleweshwa mpaka harufu ilipotoa jibu. Mazishi yalifanyika chini ya mti, na kobe mwingine akanunuliwa. Bei hiyo nafuu ndiyo iliyodumisha fumbo, kwani kifo kisichoelezeka hakikumdai muuzaji chochote, na mnyama anayebadilishwa kwa urahisi hapelekwi kwa daktari.

Ukweli ni kwamba kifo hicho hakikuwa cha ghafla hata kidogo. Majira ya joto ya Uingereza, yaliyo mafupi na yenye mawingu, hayakumpa kobe wa Morocco nafasi ya kujaza akiba ya mafuta na maji. Aliingia usingizini akiwa mwepesi, akaamka akiwa na chembe nyeupe chache za damu na taka za mkojo zilizolimbikizana mwilini, akakosa hamu ya kula, na kushambuliwa na maambukizi ya kinywa au mapafu. Alikuwa ameanza kufa miezi mingi kabla, wakati mwingine tangu ndani ya kreti, isipokuwa mwili wa mtambaazi huenda polepole katika kila jambo, kufa kukiwamo. Mwaka 1980 daktari wa wanyama Oliphant Jackson alichapisha vipimo vilivyolinganisha uzito wa kobe na urefu wa gamba lake, ili mfugaji ajue kabla ya majira ya baridi ni nani anayeweza kulala na ni nani anayepaswa kuwekwa macho kwenye joto na kulishwa.

Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku biashara ya kobe hao mwaka 1984, na waliobaki wakapata thamani ambayo wenzao hawakuwahi kuipata. Wafugaji wa sasa huwalaza ndani ya jokofu lenye nyuzi tano hivi za Selsiasi, huwapima uzito katika kipindi chote cha usingizi, na mmoja akifa, huomba mzoga upasuliwe kabla ya kuzikwa.