Treni ya Bububu

Kazi inayofanywa leo na daladala namba 502, kutoa watu mjini Unguja na kuwafikisha Bububu, iliwahi kufanywa na treni. Mwaka 1904, enzi ya Sultan Ali bin Hamud, kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilianza kujenga reli ya upana wa futi 3 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, maili 7 kaskazini mwa mji.

Reli haikuwa ngeni Unguja. Sultan Sayyid Barghash alikuwa na yake ya kwenda Chukwani tangu 1879, miaka mingi kabla ya reli za Tanga na Mombasa. Mabehewa yalikokotwa na baghala mpaka kichwa cha treni cha mvuke kilipoagizwa Uingereza mwaka 1881. Ila ile ilikuwa ya Sultan, na alipofariki mwaka 1888 ikang'olewa. Ya Bububu ilikuwa ya kila mwenye nauli.

Ilipenya Malindi, katika vichochoro ambamo moshi uliingia majumbani, kisha ikashika njia ya pwani kupita Mtoni na Beit el Ras. Hapo Beit el Ras Sultan Sayyid Said alianza kujenga kasri mwaka 1847, akafariki mwaka 1856 halijakwisha. Wajenzi wa reli wakayachukua mawe yake mengi. Nikifikiria hilo moyo unaniuma: kasri hilo lingekuwa miongoni mwa majengo ya kujivunia pwani hii, na lilivunjwa kirahisi mno.

Hata hivyo wenyeji waliipenda treni yao, wakaijaza mchana na usiku. Abiria wa meli zilizotia nanga bandarini waliwekewa behewa la daraja la kwanza ili nao wakaone mashamba. Serikali iliinunua reli mwaka 1911, lakini barabara na magari vikaipokonya abiria. Siku zake za mwisho ilibeba mawe ya kujengea bandari mpya, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 safari za Bububu zilikuwa zimekwisha.

Ngome Kongwe nayo ikageuzwa. Mwaka 1949 ua wake ulikuwa kiwanja cha tenisi cha wanawake, na sasa hujaa watu wakati wa tamasha la Sauti za Busara. Wageni husimuliwa habari za Wareno na Waomani. Wasimuliwe pia kwamba hapa ndipo watu wa mashamba waliposhukia treni.