Mzuka na Sikio katika Tanzia ya Hamlet

Mara nyingi tumewasikia wanafunzi wakimlaumu Hamlet kwa kuchelewa kulipa kisasi. Mzuka wa babaye umekwisha kumwambia kwamba aliuawa na nduguye, Claudius, angoja nini? Jibu limo katika mzuka wenyewe. Twasema mzuka, wala hatusemi mzimu, maana mzimu wetu hutambikiwa ukatulia. Huu hautulii ila kwa damu.

Mizuka ilikuwamo katika tanzia za kisasi tangu Seneca wa Roma. Katika The Spanish Tragedy ya Thomas Kyd, iliyochapwa mwaka 1592, mzuka wa Andrea huketi jukwaani pamoja na Kisasi mwenyewe, aliyepewa umbo la mtu, wakiutazama mchezo hadi mwisho. Hapana aushukuye. Nao waliosoma Julius Caesar katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere wataukumbuka mzuka umtokeao Brutus kambini usiku. Huo hunena machache ukaondoka.

Ule wa Hamlet hunena mengi, na kwa hiyo ni shahidi. Na shahidi hupimwa. Wasema kwamba umefungwa motoni mpaka dhambi zake zitakasike. Hiyo ni toharani, fundisho ambalo Kanisa la Uingereza lilikuwa limelikataa mwaka 1563, miaka arubaini kabla tamthilia hii haijachapwa. Hamlet naye alisomea Wittenberg, mji wa Luther! Kwa mtazamaji wa London wa siku zile, basi, huenda anenaye ni shetani aliyevaa sura ya marehemu. Je, ni haki kumwua mtu kwa ushahidi wa namna hiyo? Ndiyo maana Hamlet awatumia waigizaji kumpima mfalme kabla ya kuinua upanga.

Tena itazameni ishara ya sikio. Marehemu alitiliwa sumu sikioni, amelala bustanini. Nchi nzima ikatiliwa uwongo sikioni, kwamba aliumwa na nyoka. Polonius afa akitega sikio nyuma ya pazia. Na mzuka wamtilia Hamlet nini sikioni, dawa au sumu?

Andrea wa Kyd huziona maiti mwishoni akafurahi. Mzuka wa Hamlet haurudi tena baada ya kutokea chumbani mwa Gertrude, ambako mwana peke yake auona. Naye Hamlet, amchomapo Claudius na kumnywesha sumu yake mwenyewe, amtaja mamaye, babaye hamtaji.