Wajibu wa Kampuni: Kutoka Hisani Hadi Sheria

Kampuni inapoleta madawati shuleni, wengi wetu hupiga makofi na kuona wajibu umetimizwa. Historia yatufundisha kuuliza zaidi.

Tuwatazame Cadbury, watengenezaji wa chokoleti wa Uingereza. Mwaka 1879 ndugu wawili, Richard na George Cadbury, walihamisha kiwanda chao kutoka katikati ya Birmingham hadi Bournville, mahali penye hewa safi. Kuanzia mwaka 1895 George alijenga hapo kijiji chenye nyumba bora na bustani. Alisifiwa, na alistahili. Lakini sehemu kubwa ya kakao yao ilitoka São Tomé, koloni la Wareno, ambako vibarua kutoka Angola walifanyishwa kazi katika hali ya utumwa. Habari hizo ziliwafikia Cadbury mwaka 1901. Kakao hiyo waliacha kuinunua mwaka 1909. Gazeti la Standard lilipowashutumu, walilishtaki kwa kuwachafulia jina. Kesi walishinda, lakini wazee wa baraza waliwapa fidia ya farthing moja tu, yaani robo ya peni!

Fundisho ni kwamba wema wa nyumbani haufuti dhuluma ya mbali.

Mwaka 1953 Mmarekani Howard Bowen aliandika kitabu kueleza kuwa wenye biashara wana wajibu kwa jamii. Mwenzake Milton Friedman alipinga fikra hiyo mwaka 1970: kazi ya kampuni ni kutafuta faida, mradi ifuate kanuni. Hapa kwetu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha shika njia nyingine, la kuziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma.

Desemba 1984 gesi ya sumu kutoka kiwanda cha Union Carbide iliua maelfu ya watu mjini Bhopal, India. Mwaka 2013 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni kubwa zitumie kwa ajili ya jamii angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu. Nasi mwaka 2017 tulirekebisha Sheria ya Madini: mwenye mgodi huandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii, akakubaliana na halmashauri.

Hata hivyo, sheria haijisimamii. Ninyi mlioko madarasani, kesho baadhi yenu mtaketi upande wa kampuni, wengine upande wa halmashauri. Dawati likija, shukuruni. Kisha ulizeni habari za mishahara, maji ya mto na kodi.