Maji kama Ukuta, Maji kama Njia: Ngome za Handaki katika Bonde la Naili ya Juu

Katika nyanda tambarare za Münsterland, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, hapana majabali ya kujengea ngome. Kabaila wa zama za kati aliyetaka kujihami huko aliyageuza maji kuwa ukuta wake. Burg Vischering, iliyoanzishwa mwaka 1271 na Askofu wa Münster, Gerhard von der Mark, ili kuwadhibiti mabwana wa Lüdinghausen, ni kielelezo bora cha usanifu huo: jengo kuu la mviringo limekaa kwenye kisiwa kimoja, majengo ya huduma kwenye kisiwa cha pili, na kuta za nje zinainuka moja kwa moja kutoka katika maji yanayoletwa na mto Stever. Pande zote za ngome zimefungwa kwa maji, na anayeingia hupita darajani.

Wanahistoria wa usanifu hulisimulia handaki kana kwamba ni mali ya Ulaya. Lugha inatoa ushahidi tofauti. Neno *handaki* limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, *khandaq*, nacho Kiarabu kililipokea kutoka Kiajemi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kupelekwa Münster ili aelewe kazi yake, kwa kuwa masimulizi ya Vita vya Handaki, pale Madina ilipozingirwa mwaka 627 na Salman Mwajemi akashauri mtaro uchimbwe, yanafahamika tangu madrasani. Katika vita hivyo hivyo mtaro haukuuzunguka mji wote. Ulichimbwa upande uliokuwa wazi tu, na pande nyingine zikaachiwa mawe na mitende.

Kanuni hiyo ya kuchimba pale tu ambapo ardhi haikulindi ndiyo inayozifafanua ngome za Afrika Mashariki. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ina handaki kavu lililochongwa katika mwamba wa matumbawe upande wa bara. Upande wa mashariki hauna handaki: una bahari. Hapo maji hayakukusudiwa kumzuia adui peke yake, bali yalikuwa mlango wa kupokelea chakula, baruti na askari kutoka Goa. Waomani walipoizingira ngome hiyo kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, waliokuwamo walidumu muda mrefu hivyo kwa sababu, mara kwa mara, mlango huo ulifunguka.

Bonde la Naili karibu na Juba lina historia ya namna hiyo, ingawa vitabu vya usanifu vimeipuuza. Wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka Khartoum katikati ya karne ya 19 walijenga *zariba*, yaani maboma ya miiba na magogo. Mwaka 1871 Samuel Baker aliitwaa Gondokoro, ng'ambo ya mto na kidogo chini ya Juba ya leo, kwa niaba ya Misri, na muda si mrefu akawa anapigana na Wabari kwa ajili ya ng'ombe na nafaka za kulishia askari wake. Charles Gordon alipofika mwaka 1874 aliyahamishia makao makuu Lado, ukingo wa magharibi, kisha akapanga mlolongo wa vituo kuelekea kusini. Gordon alikuwa mhandisi wa jeshi la Uingereza, na kazi ya wahandisi hao ni pamoja na kuchimba mitaro na kuinua matuta.

Dufile ndicho kituo kinachostahili kuangaliwa kwa kina. Kati ya Rejaf na Nimule mto una maporomoko yasiyopitika kwa meli, kwa hiyo meli za mvuke zilifunguliwa vipande, zikasafirishwa nchi kavu, na kuunganishwa upya Dufile, mahali ambapo maji yanatulia na njia ya kwenda Ziwa Albert inakuwa wazi. Ngome yenyewe ilijengwa mwaka 1879 chini ya Emin Pasha, daktari aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer mwaka 1840 huko Oppeln, Silesia. Inavutia kudai kwamba Mjerumani huyu aliuleta Naili mfano wa ngome za kwao, lakini dai hilo halina mguu wa kusimamia. Mahali palichaguliwa na Gordon, na aina hiyo ya boma ilikuwa desturi ya majeshi ya Misri. Handaki na tuta la udongo vililinda pande za nchi kavu, na upande wa mashariki ukaachiwa mto. Mpango huo unafanana na wa Mombasa kuliko wa Vischering.

Udhaifu wa mpango wa aina hii ni kwamba unategemea njia ya maji ibaki wazi. Magugu ya Sudd yaliufunga mto kuanzia 1878 hadi 1880. Khartoum ilipoanguka tarehe 26 Januari 1885, njia ya kaskazini ilikatika kabisa, na vituo vyote vya Equatoria vikawa ngome zisizo na mlango. Agosti 1888 askari wa Emin waliasi, wakamfunga yeye na A. J. Mounteney Jephson, afisa wa msafara wa Stanley, ndani ya Dufile ileile. Kiswahili kina neno linaloisawiri hali hiyo: *gereza*, linalotokana na neno la Kireno la kanisa, lilitumika pwani kwa maana ya ngome kabla halijabaki na maana ya kifungo. Majeshi ya Mahdi yalipoiteka Rejaf, waasi walimwachilia Emin. Mwezi Novemba yaliishambulia Dufile nayo ikasimama imara, lakini hatimaye askari wenyewe waliihama. Wabelgiji waliikalia tena na kuiimarisha hadi mwaka 1907.

Mipaka ilichorwa baada ya hapo. Sehemu kubwa ya eneo la Lado ilirudi Sudan mwaka 1910. Mwaka 1914 eneo la West Nile likaingizwa Uganda, na Sudan ikapewa Gondokoro na Nimule. Ndiyo sababu Dufile, iliyokuwa kiungo cha mnyororo mmoja na Lado, leo iko ndani ya Uganda, na uchimbuaji wa akiolojia ulioongozwa na Merrick Posnansky mwaka 2006–2007 ulihusu kiungo hicho kimoja.

Kwa washauri wa sera, tatizo linaanzia kwenye istilahi. *Ngome* humjengea msomaji wa pwani picha ya mawe na chokaa, na orodha ya urithi inayotafuta ngome italipita tuta la udongo bila kuliona. *Boma* lingefaa zaidi, ila Sudan Kusini limekwisha kuwa jina la ngazi ya chini kabisa ya utawala, chini ya payam, kama ambavyo Wajerumani walivyolifanya Tanganyika kuwa jina la ofisi ya wilaya. *Ngome ya handaki* inataja kile kinachoonekana ardhini. Hata hivyo, kupima handaki na tuta pekee ni kuandika pande tatu za jengo lenye pande nne. Bandari ndogo ya ukingoni, mahali meli zilipounganishwa, na njia ya wapagazi kutoka Rejaf ni sehemu za usanifu huohuo, na njia hiyo inavuka mpaka wa nchi mbili zilizo sasa katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki.