Kuta Zilizovimba: Historia ya Dhana ya Uvimbe wa Mishipa ya Ubongo kama Chanzo cha Kuvuja Damu, 1658–2007

Mwaka 1658, Johann Jakob Wepfer, tabibu wa mji wa Schaffhausen nchini Uswisi, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa maiti za watu waliokufa kwa kiharusi. Alionyesha kwamba baadhi yao walikuwa wamevuja damu ndani ya ubongo. Kilichotokea kikawa kimejulikana, lakini sababu ya mshipa kupasuka iliendelea kuwasumbua matabibu kwa zaidi ya karne mbili. Insha hii inafuatilia jibu mojawapo, yaani kuvimba kwa kuta za mishipa ya damu. Inadai kwamba dhana hiyo ilianza kwa kutumiwa kupita kiasi, kisha ikapata mahali pake kadiri vipimo vilivyoboreka.

Mwaka 1868, Jean-Martin Charcot na Charles Bouchard wa Paris walieleza vifuko vidogo mno walivyoviona kwenye ateri za ubongo wa wagonjwa waliokufa kwa kuvuja damu. Waliamini kwamba vifuko hivyo vilitokana na uvimbe ulioenea katika kuta za ateri. Kwa zama zao hoja hiyo ilikuwa na mantiki: hadubini iliwaonyesha ukuta ulioharibika, ilhali hapakuwa na kifaa rahisi cha kupimia shinikizo la damu la mtu aliye hai. Kifaa chenye mkanda wa kufungwa mkononi kilitolewa na Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896. Katika karne ya 20 ilidhihirika kwamba vifuko hivyo huandamana zaidi na shinikizo la juu la damu na uzee, na utafiti wa R. W. Ross Russell wa mwaka 1963 uliimarisha rai hiyo.

Hata hivyo, dhana ya uvimbe haikufutika, kwa kuwa magonjwa ya moyo yaliipa ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 1869, William Selby Church wa London alieleza kifuko cha ateri ya ubongo katika mvulana wa miaka 13 mwenye ugonjwa wa vali za moyo. Mwaka 1885, katika mihadhara yake jijini humo, William Osler aliviita vifuko vya namna hiyo kwa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuvu. Jina hilo linatumika hadi leo, ingawa kisababishi huwa ni bakteria mara nyingi. Kipande chenye vijidudu hung'oka kwenye vali, hubebwa na damu na kukwama katika tawi la ateri ubongoni. Chembe nyeupe za damu hukusanyika hapo, tabaka za misuli na za mnyumbuko huliwa, na ukuta uliodhoofika hutuna hadi kupasuka. Baada ya penisilini kuanza kutumika katika miaka ya 1940, maambukizi ya vali yaliyokuwa yakiua karibu kila mgonjwa yakawa yanatibika.

Mwaka 1959, Humberto Cravioto na Irwin Feigin walieleza uvimbe wa mishipa usiotokana na maambukizi, unaoshambulia zaidi mfumo wa neva. Wagonjwa wengi huziba mishipa; wachache huvuja damu. Mwaka 1983, Thomas Cupps na wenzake waliripoti mafanikio ya kutibu ugonjwa huo kwa steroidi pamoja na saiklofosfamaidi, na mwaka 1988 Leonard Calabrese na John Mallek wakapendekeza vigezo vya kuutambua.

Tatizo la zama za Charcot likajirudia kwa sura mpya. Picha za eksirei zilionyesha mishipa iliyobana, na baadhi ya matabibu wakahitimisha kwamba imevimba. Mwaka 2007, Calabrese na wenzake walibainisha hali ambapo mishipa hujikaza kwa muda bila uvimbe, huambatana na maumivu makali ya ghafla ya kichwa, na kwa kawaida hulegea ndani ya miezi 3. Hali hiyo nayo huweza kuvujisha damu.

Tofauti hizo zina uzito kwa mgonjwa. Saiklofosfamaidi hudhoofisha kinga ya mwili na huweza kuharibu uzazi. Kumpa mtu ambaye mishipa yake imejikaza tu ni kumtwisha madhara bila faida. Kumnyima yule ambaye kuta za mishipa yake zimevimba kweli ni kumwacha katika hatari ya kifo. Kwa hiyo kila hatua ya historia hii, kuanzia hadubini hadi eksirei, imedai ushahidi zaidi kabla ya neno uvimbe kuandikwa kwenye cheti cha mgonjwa.