Haki ya Mnufaika Asiye na Fungu

Mara nyingi wosia hugawa mali waziwazi: shamba kwa huyu, nyumba kwa yule. Lakini upo wosia wa namna nyingine. Mwusia huwaachia wadhamini mali yake, akawataja wanufaika, kisha akawapa wadhamini uwezo wa kuamua nani apewe, kiasi gani na lini. Hii ndiyo amana ya hiari. Mwusia huichagua kwa kuwa haijui kesho: hajui mtoto yupi ataugua, wala yupi atafuja mali.

Basi mjane au yatima akiambiwa na wadhamini, “Hiari ni yetu,” je, amebaki mikono mitupu? Jibu lilijengwa polepole katika mahakama za Uingereza.

Tuanze mwaka 1841. Richard Wright alikuwa ameacha hisa za Kampuni ya India Mashariki, akiagiza faida yake ilimbikizwe hadi Daniel Wright Vautier atimize miaka 25. Vautier alipofikisha miaka 21 alidai mali hiyo, na mahakama ikamkubalia, kwa kuwa ilikuwa yake peke yake naye alikuwa mtu mzima. Mnufaika wa amana ya hiari hawezi kudai hivyo akiwa peke yake, maana hana fungu lililotajwa. Ni wanufaika wote kwa pamoja, wakiwa watu wazima wenye akili timamu na kauli moja, wanaoweza kuidai mali yote.

Mwaka 1877 likaja shauri la Gisborne. Wosia uliwapa wadhamini mamlaka makubwa juu ya mapato ya mali, ili yatumike kumtunza mke wa marehemu aliyekuwa mgonjwa wa akili. Wadhamini walitaka atunzwe kwanza kwa mali yake mwenyewe. Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati huo, lilikataa kuwaingilia: maadamu wanatenda kwa nia njema, uamuzi ni wao. Hukumu hiyo ilikuwa kali kwa mnufaika, lakini iliacha mlango mmoja wazi. Nia mbaya haina kinga.

Mwaka 1967, katika shauri la Gartside, mamlaka ya kodi ilidai kodi ikisema kwamba wanufaika wa amana ya hiari iliyotokana na wosia walikuwa na maslahi katika mali yake. Malodi walikataa hoja hiyo. Walieleza kwamba mnufaika mmoja mmoja hamiliki sehemu yoyote mpaka wadhamini waamue kumpa. Hata hivyo, anayo haki ya kufikiriwa, haki ya kutendewa kwa uaminifu, na haki ya kulindwa na mahakama.

Ulinzi huo ulipata nguvu zaidi mwaka 1970. Katika shauri la amana ya wafanyakazi wa kampuni moja, iliyoundwa kwa hati na si kwa wosia, Malodi walisema kwamba wadhamini wakishindwa kutimiza wajibu wao, mahakama inaweza kuteua wengine au hata kuamuru mali igawanywe. Mwaka 2003, Baraza la Faragha jijini London, likisikiliza rufaa kutoka Kisiwa cha Man, lilithibitisha kwamba mnufaika wa hiari anaweza kuiomba mahakama iamuru aonyeshwe nyaraka za amana. Uamuzi wa kukubali au kukataa ni wa mahakama.

Historia hii imefika kwetu. Sheria ya Mahakama ya Kenya inatambua kanuni za haki za Uingereza zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897. Hukumu za 1841 na 1877 zimo ndani ya mpaka huo. Zile za baadaye hushawishi mahakama zetu bila kuzifunga. Aidha, Sheria ya Urithi inamruhusu mtegemezi wa marehemu asiyetoshelezwa na wosia kuiomba mahakama impatie matunzo yanayofaa.

Kwa hiyo, msomaji wangu, neno “hiari” lisikutishe. Mnufaika hawezi kusema, “Nipeni fungu langu.” Anaweza kuuliza: Je, mlinifikiria? Mlitenda kwa nia njema? Hesabu za amana ziko wapi? Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na katika amana ya hiari, asiyeuliza huenda akakosa hata kile alichokusudiwa na marehemu.