Dacia na Heshima ya Motokaa Rahisi

Neno rahisi lina maana mbili katika Kiswahili. Jambo rahisi ni jambo lisilo taabu kufanyika, na kitu rahisi ni kitu cha bei ndogo. Maana hizi ni ndugu, lakini hazikulelewa nyumba moja: ya kwanza husifiwa, ya pili hushukiwa. Wahenga walisema kuwa rahisi huvunja upishi, wakamwonya mnunuzi kwamba akiba ya sokoni huweza kuwa hasara ya jikoni. Onyo hili ni la haki kwa nazi na kwa samaki. Je, ni la haki kwa motokaa pia? Dacia, motokaa ya Romania, yafaa kuulizwa swali hili kuliko nyingi nyingine, kwa sababu imeishi maisha mawili chini ya jina moja. Katika maisha ya kwanza wenyewe walikuwa nayo kwa kuwa hawakuwa na budi. Katika maisha ya pili walikuwa nayo kwa kuwa waliitaka. Bei ilikuwa jambo kubwa katika nyakati zote mbili, walakini hukumu ya wenyewe haikuwa moja.

Jina lake ni la kale. Dacia ilikuwa nchi iliyokuwa kaskazini ya mto Danube, ambayo majeshi ya Kaisari Trajan wa Roma yaliishinda mwaka 106, ikafanywa jimbo la dola yake. Waromania hujihesabu kuwa uzao wa washindi na washindwa wa vita vile. Kwa hiyo jina hili lilipopewa motokaa, serikali ilikuwa ikitangaza kwamba chombo hicho ni cha taifa zima, na kwamba mtu wa kawaida atakaposhika usukani wake atakuwa ameshika sehemu ya urithi wake. Lilikuwa jina zito kwa motokaa ndogo.

Kiwanda kilianzishwa mwaka 1966 huko Colibași, mahali ambapo baadaye paliitwa Mioveni, karibu na mji wa Pitești. Romania ilikuwa chini ya chama cha Kikomunisti kilichoongozwa na Nicolae Ceaușescu, nayo haikuwa na mazoea ya kuunda motokaa ndogo za abiria kwa wingi. Iliamua kununua ujuzi kuliko kuubuni upya, ikapatana na kampuni ya Renault ya Ufaransa. Motokaa iliyokusudiwa ni Renault 12. Lakini kiwanda kilikamilika kabla ya motokaa hiyo kuwa tayari. Ili mitambo isikae bure, kiwanda kilianza na Renault 8, iliyoitwa Dacia 1100. Mwezi wa Agosti, 1968, ya kwanza ilitolewa, akapewa Ceaușescu mwenyewe. Mwaka uliofuata Dacia 1300 ilitokea, nayo ilikuwa Renault 12 kwa umbo na kwa injini. Jambo hili halifai kusahauliwa na wanaoicheka. Renault 12 ilionyeshwa kwa Wafaransa mwaka ule ule wa 1969. Mromania hakupewa nguo iliyochakaa mwilini mwa mwingine. Alipewa mpya, iliyoshonwa siku moja na ya jirani yake tajiri.

Wenyeji waliipokea kwa furaha. Ilikuwa na nafasi ya watu watano, ilistahimili barabara mbaya, na moyo wake haukuwa na siri. Punde yalifuata maumbo mengine: moja lenye nafasi kubwa ya mizigo nyuma kwa ajili ya jamaa, na jingine la pikapu kwa wakulima na mafundi. Watu walioana na Dacia ikiwa imepambwa maua, walihamisha vitanda vyao juu ya paa lake, na walikwenda nayo pwani ya Bahari Nyeusi wakati wa mapumziko. Kwa muda wa miaka thelathini na mitano ukoo huu wa 1300 ulizaa motokaa zipatazo milioni mbili. Motokaa ya abiria iliendelea kuundwa hadi mwaka 2004, na pikapu hadi mwaka 2006, wakati ambapo Renault 12 ilikuwa imekwisha kuwa kumbukumbu katika Ufaransa.

Walakini umri mrefu si ushahidi wa afya njema daima. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini methali hii huhitaji soko ili ipate kusema kweli. Katika Romania ya siku zile soko halikuwako. Mtu aliyetaka motokaa aliweka fedha katika benki ya akiba ya serikali, akaandikwa katika orodha, kisha akangoja zamu yake kwa miaka. Mwenye kungoja hivyo hachagui rangi, wala harudishi mlango usiofunga vema. Mapatano ya idhini na Wafaransa yalikwisha mwaka 1978. Tangu hapo mabadiliko yalikuwa madogo, na ubora wa kazi ukapungua kwa kuwa hapakuwa na mshindani wa kuuamsha. Mnunuzi alipopata bahati ya Dacia iliyokusudiwa kuuzwa nchi za nje, alijihesabu kuwa ameokota dhahabu, kwa kuwa aliamini kwamba mgeni huundiwa kwa mkono wenye uangalifu zaidi.

Miaka ya 1980 iliongeza dhiki. Serikali ilikuwa imeazimia kulipa madeni yake yote ya nje, na raia wakalipa kwa baridi, kwa giza na kwa meza tupu. Petroli ilitolewa kwa kipimo. Siku za Jumapili motokaa ziliruhusiwa kutembea kwa zamu: Jumapili moja zenye namba shufwa, Jumapili nyingine zenye namba witiri. Hivyo mtu aliyengoja miaka apate motokaa alingoja tena apate ruhusa na petroli ya kuiendesha.

Katika mazingira hayo wenye Dacia walijenga maoni ambayo mgeni huona taabu kuyafahamu. Waliitukana na kuipenda kwa pumzi moja. Waliitukana kwa kutu, kwa gia ngumu na kwa uvivu wa kuwaka alfajiri za theluji. Waliipenda kwa sababu ilitengenezeka. Boneti ilipofunguliwa, kila kitu kilionekana na kufikiwa na mkono; bisibisi, spana, waya na subira vilitosha kuirudisha barabarani. Baba alimfundisha mwanawe kusafisha plagi na kabureta kama alivyomfundisha kupanda mti wa tunda. Maarifa hayo yakawa mali ya ujirani, na maegesho ya nyumba za ghorofa yakawa karakana siku za mapumziko. Lakini mapenzi hayo yapimwe kwa uangalifu. Mtu asiye na dirisha illa moja hulipenda dirisha lake, wala hilo si ushuhuda wa uzuri wa nyumba. Dosari kubwa ya Dacia ya kwanza haikuwa katika chuma chake, bali katika kumkuta mnunuzi akiwa hana pengine pa kwenda.

Serikali ya Ceaușescu ilipoanguka Desemba 1989, mlango ulifunguliwa. Motokaa kuukuu kutoka Ujerumani na nchi nyingine za magharibi zikaingia, na Mromania akaweza kulinganisha. Dacia iliendelea kununuliwa kwa bei yake na kwa wingi wa vipuri vyake, lakini sasa ilikuwa ni dalili ya kukosa. Mwaka 1999 Renault ilirudi kama mwenye mali, ikanunua asilimia 51 ya hisa na baadaye karibu zote. Wengi walidhani kwamba kampuni kubwa imejitwika mzigo. Kumbe ilikuwa na wazo.

Wazo hilo lilitokana na safari. Mwaka 1997 Louis Schweitzer, mkuu wa Renault, alikwenda Urusi, akaona kwamba motokaa za Lada, za umbo la kizamani, ziliuzwa kwa dola zipatazo 6,000 na kununuliwa kwa wingi, ilhali zake, zilizokuwa bora, zilipita uwezo wa watu. Akawaagiza wahandisi wake waunde motokaa mpya, ya kisasa na imara, kwa kiasi cha bei ile. Wengi waliona agizo hili kuwa la muhali. Desturi ya viwanda ni kuchukua motokaa ya ghali na kuipunguza mpaka iwe rahisi. Na motokaa ya namna hiyo huonekana kama joho lililokatwa kuwa kanzu. Wahandisi hawa walianza upande wa pili. Waliuliza motokaa inahitaji nini ili iwe motokaa, kisha wakakataa kuongeza lolote bila sababu.

Matunda yake ni Logan, iliyoonyeshwa mwaka 2004. Ustadi wake ulikuwa katika mambo yasiyoonekana na mpita njia. Vioo vya pembeni vya kulia na kushoto vilikuwa vya umbo moja, ili kalibu moja itumike badala ya mbili. Kioo cha mbele hakikupindwa sana, maana kioo kilichopindwa ni ghali kukifinyanga. Dashibodi iliundwa kwa kipande kimoja. Injini na viungo vingi vilichukuliwa kutoka motokaa za Renault zilizokwisha kujaribiwa na barabara, na vifaa vya elektroniki vilikuwa vichache. Pale ilipopasa, fedha zilitumika bila choyo: motokaa iliinuliwa juu kwa ajili ya njia mbaya, na buti yake ilimeza mizigo ya jamaa nzima. Hapa zile maana mbili za neno rahisi zilipatana. Motokaa ilikuwa ya bei ndogo kwa sababu kuiunda kulikuwa hakuna taabu, na kisichokuwamo ndani yake hakikuweza kuharibika.

Renault ilikusudia kuiuza Logan katika nchi zenye kipato cha chini. Watu wa magharibi hawakualikwa, nao wakaja. Wafaransa walianza kuiulizia, na mwaka 2005 ikaanza kuuzwa kwao. Sandero ilifuata mwaka 2008, na Duster mwaka 2010. Ilipofika Uingereza mwaka 2013, Sandero ya chini kabisa iliuzwa kwa pauni 5,995, bei ambayo wengi waliizoea kwa motokaa zilizokwisha kutumika. Tangu mwaka 2017 Sandero iliongoza katika Ulaya miongoni mwa motokaa zinazonunuliwa na watu binafsi kwa fedha zao wenyewe, na mwaka 2024 ilizipita motokaa zote za Ulaya kwa idadi ya mauzo.

Maoni ya wamiliki hawa wapya ni somo la tabia ya binadamu. Mmiliki wa zamani aliomba radhi kwa motokaa yake. Wa sasa huisimulia kama mtu aliyeshinda mabishano. Husema kwamba amelipia usafiri, hakulipia sifa. Kwamba bei iliyoandikwa ndiyo inayolipwa, bila kupigiana bei ambako mwerevu hupata na mnyenyekevu hukosa. Kwamba akwaruzwapo mlango hapotezi usingizi. Katika Ufaransa wenye Dacia wamekuwa wakikutana kwa maelfu katika mandari ya kila mwaka iliyoanza mwaka 2009, wakala na kucheza pamoja na watoto wao. Si jambo la kawaida watu kukusanyika kusherehekea kitu walichonunua kwa urahisi wake. Hata hivyo hawaifichi aibu yake. Hulalamika juu ya kelele za upepo katika mwendo wa kasi, plastiki ngumu, viti vinavyochosha katika safari ndefu, na injini ndogo zinazohema mlimani.

Yako mashtaka mazito kuliko hayo. La kwanza ni usalama. Euro NCAP, shirika linalopima motokaa za Ulaya, liliipa Logan nyota tatu kati ya tano mwaka 2005, na Sandero mpya nyota mbili mwaka 2021. Watetezi hujibu kwamba hukumu ya pili ilitokana kwa sehemu kubwa na kukosekana kwa vyombo vipya vya kumwonya na kumsaidia dereva. Jibu hili lina ukweli, lakini halimalizi shauri. Kioo kisichopindwa ni akiba ya fedha. Kinga iliyoachwa ni akiba inayoweza kudaiwa siku ya ajali, na anayedaiwa huenda akawa mpita njia asiyeuziwa chochote.

Shtaka la pili lahusu jasho. Bei ndogo hulipwa na mtu fulani, na kama si mnunuzi, aghalabu ni mfanyakazi. Logan iliwezekana kwa kiasi kikubwa kwa sababu ujira wa Mioveni ulikuwa sehemu ndogo ya ujira wa Ufaransa. Kati ya Machi na Aprili, 1908 na mia moja ikiwa imepita, yaani mwaka 2008, maelfu ya wafanyakazi wa kiwanda hicho waligoma kwa muda wa majuma matatu hivi, wakidai sehemu ya faida waliyoona ikipita mikononi mwao. Walirudi kazini wakiwa wameongezwa mishahara. Mwaka 2012 kiwanda kingine kikubwa kilifunguliwa Tangier, Morocco, na Sandero nyingi zinazopita katika barabara za Ulaya zimetoka Afrika. Kwa wengi wa Tangier hiyo ilikuwa riziki. Kwa wa Mioveni ilikuwa pia ukumbusho kwamba kazi ina miguu.

Sasa Dacia imo katika mtihani wa mgema, ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Katika Uingereza bei ya chini ya Sandero ilikuwa imepita maradufu ya ile ya mwaka 2013 ilipofika mwaka 2024. Sheria za moshi na usalama na kupanda kwa gharama ni sababu za kweli, na washindani nao wamepandisha. Lakini mmiliki aliyeipenda kwa kuwa haikumhadaa ataitazama kwa jicho kali kuliko mwingine yeyote.

Onyo la wahenga, basi, halijatanguka; limepata ufafanuzi. Urahisi huvunja upishi pale unapomkuta mpishi hana hiari, kama ulivyomkuta Mromania wa foleni, au pale unapoficha kilichoondolewa. Pale ambapo mnunuzi ameona kilichomo na kisichokuwamo, akachagua kwa macho mawili, na aliyeunda akalipwa ujira wa haki, bei ndogo haimpunguzii mtu heshima. Dacia imelitimiza sharti la kwanza kuliko ilivyotarajiwa na yeyote aliyeijua mwaka 1989. Sharti la pili ni deni ambalo wafanyakazi wa Mioveni na Tangier wana haki ya kuendelea kulidai.